Shanta Alilomshonea Mwenzangu

Mwaka wa tisini na moja tulikuwa wapiga picha wawili katika chumba kimoja pale Nyamirambo, mimi na mwenzangu. Studio ilikuwa ya patroni wetu, mzee aliyetufundisha kazi sote wawili. Vita vilipoanza kule kaskazini mwishoni mwa mwaka uliotangulia, alifunga virago akahamia Bujumbura kwa binti yake. Alituachia chumba, pazia lililochorwa maporomoko ya maji, taa mbili za kusimama na kamera mbili. Mimi niliyemtangulia mwenzangu kazini kwa miaka sita nilipewa ile mpya zaidi. Kwa hiyo wivu ninaousimulia hapa hauna hata kisingizio cha kudhulumiwa. Nilianza nikiwa mbele yake.

Picha za pasipoti na za familia tulipiga humo chumbani kwa zamu. Kazi za nje, harusi na ubatizo na kupeleka mahari, kila mmoja alijitafutia mwenyewe, na zilitutosha. Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, mlango wa tatu kutoka studio, na wateja wengine walipitia kwake kuchukua nguo kabla ya kuja kwetu kupigwa nazo picha. Nilidhani nimeridhika na maisha hayo.

Ndipo mwenzangu akarudi kutoka Kacyiru na sanduku.

Alikuwa ameitwa kupiga picha za kumuaga bibi mmoja wa Kizungu aliyemaliza mkataba wake katika ubalozi. Mume wa huyo bibi alipenda sana kamera, na walipokuwa wanapunguza mizigo ya safari wakampa mwenzangu sanduku la alumini la kubebea vyombo. Aliliweka juu ya meza yetu, akalifungua taratibu mbele yangu. Lilikuwa na vifungo viwili vya chuma vilivyoruka vyenyewe ukivibonyeza, na mdomoni ulizunguka mpira mweusi mwembamba wa kuzuia maji. Ndani mlikuwa na sponji ya kijivu iliyokatwa mashimo: la kamera, la lenzi ndefu, la lenzi fupi, la flashi, na vishimo sita vya filamu. Mashimo hayo yalikatwa kwa vyombo vya mtu mwingine, lakini kamera ya mwenzangu ilitumbukia humo kana kwamba imerudi nyumbani. Niliomba nijaribu yangu. Akaniruhusu akicheka. Haikuingia. Yangu ilikuwa na mabega mapana.

Nilimpongeza. Nakumbuka nilitumia maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

Mimi wakati huo nilibeba vyombo vyangu katika begi la bluu la plastiki lenye nembo ya shirika la ndege, nililopewa na mjomba aliporudi Hija. Kamera niliizungushia taulo la mtoto wetu wa kwanza, lenzi nilizitia ndani ya soksi. Nilibeba hivyo kwa miaka na hakuna kilichovunjika. Lakini baada ya lile sanduku nilianza kuwatazama watu wanavyonitazama. Katika ubatizo mmoja nilikuwa nafungua taulo langu pale kanisani, shangazi wa mtoto akanitazama, akageuka kumuuliza dada yake kama huyu ndiye mpiga picha au ni mtu wa kubeba vitu. Wiki mbili baadaye, bwana mmoja aliingia studioni kutafuta mtu wa kumpigia harusi ya bintiye. Nilikuwa nimekaa peke yangu. Akatazama huku na huku, akaniambia atarudi, anamtaka yule mwenye sanduku.

Nikaamua kutafuta langu.

Nilianza Kimisagara, kwa mafundi bati wanaotengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni. Nilimpelekea fundi vipimo, nikamwambia nataka sanduku dogo, jepesi, lenye kifuniko kinachobana. Alilitengeneza kwa siku tatu. Halikuwa jepesi wala halikubana, na rangi iliyokuwa imembakia ilikuwa ya kijani iliyokolea. Nikasema si neno. Nilinunua kipande cha godoro, nikakikata kwa wembe, nikakipanga ndani. Nilipolibeba mara ya kwanza lilinigonga goti kila hatua, na bawaba zake zililia njia nzima. Mwenzangu alilisifu. Alisema kwa moyo mweupe kabisa kwamba ni sanduku imara.

Kazi yangu ya kwanza na sanduku hilo ilikuwa sherehe ya mahari nje kidogo ya mji, njia ya mashariki. Sherehe ilikwenda vizuri. Wakati wa kurudi, kwenye bariyeri ya wanajeshi, tuliteremshwa garini kukaguliwa kama kawaida ya siku zile. Askari alipoona sanduku la chuma la kijani mkononi mwangu alirudi nyuma hatua mbili, akamwita mwenzake. Sikuwa nimefikiri kabisa kwamba linafanana na sanduku la risasi. Nililazwa kifudifudi kando ya barabara pamoja na dereva, nao wakalifungua wenyewe. Wakatoa kila kitu, wakakiweka juu ya vumbi jekundu. Mmoja akabonyeza kitasa cha kamera, mgongo wa kamera ukafunguka, na jua la saa tisa likaingia moja kwa moja kwenye filamu. Wakaona ni kamera kweli. Wakaturuhusu tuondoke.

Nilishukuru kuondoka salama, wapo ambao hawakuondoka salama kwenye bariyeri zile. Lakini ilinibidi nirudi kwa familia ile kuwaambia kwamba picha za wazee wakipokea mahari hazipo. Baba wa binti alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia tu kwamba kwa harusi yenyewe watamchukua mtu mwingine. Sikuwa na haja ya kuuliza ni nani.

Mwenzangu alipita bariyeri ileile Jumamosi iliyofuata. Alinisimulia mwenyewe. Askari walilitazama sanduku lake linavyong'aa, mmoja akauliza kama ni la televisheni, na mwisho wakamwomba awapige picha ya ukumbusho. Alikuwa anacheka akisimulia, akidhani nami nitacheka. Niliinama nikajifanya natafuta filamu chini ya meza.

Sanduku la kijani likaenda jikoni, mke wangu akahifadhi humo vitunguu. Nikahamia kwenye mitumba, ambayo sisi tunaiita chaguwa. Asubuhi nzima nilipekua marundo ya mabegi, na nikapata shanta refu la nailoni, la wapanda milima nadhani, lenye mikanda ya kifuani na kiunoni. Mgongoni lilikaa vizuri ajabu. Kasoro yake niliijua nikiwa mbele ya altare. Lilifunguka juu tu, kwa mdomo mmoja, na lilikuwa na kina kama kisima. Flashi iliteleza mpaka chini kabisa. Mkono wangu ulikuwa umezama humo mpaka kwapani wakati bwana harusi anamvisha bibi harusi pete, na niliponyanyuka tayari walikuwa wamegeukia watu. Niliwaomba warudie. Padri hakufurahi.

Mke wangu aliniona siku zote hizo. Jioni moja, nikiwa ninashona kwa mkono mfuko wa pembeni katika lile shanta ili flashi ikae juu, aliniuliza kwa nini nisimpe yeye. Nilimwambia hii si kazi ya magauni. Nilisema bila kufikiri, na yeye aliendelea kuchambua mchele.

Sasa nifike kwenye mvua, kwa sababu hapo ndipo wivu wangu ulipoacha kuwa wa kuumia peke yangu ukawa wa kumuumiza mtu.

Ilikuwa masika ya mwaka wa tisini na mbili. Mfanyabiashara mmoja wa Kabuga aliyekuwa anamwoza mtoto wake wa mwisho alituajiri sote wawili, mwenzangu kwa kazi ya kanisani na mimi kwa ya nyumbani. Msafara ulipofika uani mvua ilishuka kwa ghafla. Watu walikimbilia chini ya turubai. Bibi harusi alibaki katikati ya uwanja, ameshika viatu mkononi, anacheka, na mwenzangu alisimama mvuani akampiga picha tano au sita. Zilikuwa picha ambazo mpiga picha huzipata mara moja maishani. Mimi nilikuwa chini ya turubai, nimeikumbatia kamera yangu, nikijua kwamba nilipaswa kuwa pale alipo yeye.

Alipoingia alikuwa anachuruzika. Akaipangusa kamera kwa leso, kwa haraka, akailaza ndani ya sponji yake ya kijivu, akafunga vifungo viwili, tik, tik. Akaniambia hana wasiwasi, sanduku hili hata ulitupe mtoni maji hayaingii.

Na mimi nilijua kwamba anakosea. Patroni alikuwa amenifundisha jambo hilo tangu mwaka wangu wa kwanza. Alisema sanduku linalozuia maji kuingia huzuia pia maji kutoka, na kamera iliyofungiwa na unyevu huota kuvu ndani ya kioo. Alinifundisha kuacha begi wazi chumbani baada ya mvua, kuitoa kamera ipate upepo, na kukaanga mchele mkavu bila mafuta, kuufunga katika kitambaa na kuuweka karibu na lenzi ili unyonye unyevu. Mwenzangu alipokuja kujifunza, mzee alikuwa amechoka, akamfundisha mwanga na mkao wa watu tu. Habari za mchele zilibaki kwangu.

Neno moja lingetosha. Nililihisi likinijia mdomoni. Nikalimeza, nikamwambia kwamba ni kweli, amepata sanduku zuri.

Masika yale yalikuwa marefu. Karibu kila wiki nilimwona akilowa, akipangusa, akifunga. Sponji ile ya kijivu ilianza kunuka kidogo, harufu ya nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Mimi niliisikia, yeye aliizoea. Kila alipobonyeza vifungo nilijiambia kwamba kesho nitamwambia, na kila kesho nilikuwa na sababu: leo amepata kazi ya wizarani, leo amenisahihisha mbele ya mteja, leo amevaa koti jipya. Sikuwahi kumchukia. Hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo, kwamba niliweza kunywa naye chai kila asubuhi huku nikisubiri lenzi yake iharibike.

Katikati ya hayo akaja kwa mke wangu. Sanduku lilikuwa linamvuta bega, na kazi nyingine zilimtaka apande vilima kwa miguu. Alitaka shanta la kubebea vyombo vichache, sanduku libaki studioni. Nilikuwa studioni napanga picha, mlango uko wazi, na baraza ni moja, nikasikia karibu kila kitu.

Mke wangu alimwambia alete vyombo vyote. Akavipima kimoja kimoja kwa futi yake ya kushonea, akaandika kwenye kipande cha gazeti. Akamuuliza anatumia mkono gani zaidi. Akamuuliza akifika kwenye kazi anatoa nini kwanza, halafu nini, halafu nini. Akamuuliza anavyokaa garini, shanta analiweka miguuni au mapajani. Mwenzangu alijibu yote kwa utulivu, shemeji hivi, shemeji vile, na mara moja walicheka pamoja kwa kitu ambacho sikukisikia vizuri. Nilisimama nyuma ya pazia la maporomoko na picha za watu mkononi, na moyo ulinipiga kama wa mtu aliyekamata jambo. Hakukuwa na jambo. Walikuwa wanazungumzia kamba.

Alilishona kwa siku nne. Nje alitumia turubai la khaki, ndani kitambaa laini cha flana ili vioo visikwaruzwe, na katikati sponji ya kidole kimoja aliyoibana kwa mishono ya mraba kama mfarishi. Zipu aliizungusha pande tatu, upande unaolala mgongoni, hivi kwamba ukililaza chini linafunguka lote kama kitabu na kila kitu unakiona kilipo. Mwizi akikufuata nyuma haoni pa kufungua. Chini kabisa alishonea kipande cha mpira wa gari ili likiwekwa kwenye tope lisinyonye maji. Sijawahi kuona begi la dukani lililofikiriwa kwa makini hivyo. Mwenzangu alilivaa barazani, akazunguka, watu wa jirani wakatoka kutazama.

Nilivumilia mpaka alipoondoka. Halafu nikamwambia mke wangu kwamba mimi mumewe hajanishonea hata kamba ya kufungia begi.

Alikuwa anapangusa nyuzi kwenye mashine. Hakuinua sauti.

"Baba watoto, mwaka mzima unazunguka mji unatafuta begi. Umekwenda Kimisagara, umekwenda kwenye chaguwa, na mashine iko hapa mlangoni. Mimi nilikuuliza. Ukaniambia nishone magauni."

"Ungeshona tu. Unajua vyombo vyangu."

"Sivijui. Hujawahi kuniambia unatoa nini kwanza."

Nilijaribu kufikiri ninatoa nini kwanza, nikaona hata mimi sijui.

Ilipita kama miezi miwili. Kiangazi kilikuwa kimeingia wakati picha za mwenzangu zilipoanza kurudi na utusitusi. Nyuso zilikuwa kama zimetazamwa kupitia dirisha la jiko. Kwanza alilaumu maabara, akabadilisha maabara. Kisha akalaumu filamu. Bibi mmoja alikataa kuchukua picha zake, akasema amepigwa kama mzimu. Asubuhi moja aliniletea lenzi yake fupi, aliyoipenda kuliko zote, akaniomba niitazame kwa kuwa mimi nina uzoefu.

Nilikwenda nayo dirishani. Nilipoielekeza kwenye mwanga niliziona: nyuzi nyembamba nyeupe, zimetawanyika kutoka ukingoni kwenda katikati ya kioo, nzuri kwa namna ya kutisha, kama mizizi ya mche uliong'olewa. Nilijua nitakuta hicho.

Nilimwambia ni kuvu. Nikamweleza inavyoingia, unyevu na sanduku lililofungwa. Nilieleza kirefu, kama mwalimu, nikitumaini maelezo yatafunika lililo chini yake. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hayo umeyajua lini?"

Ningeweza kusema nimeyajua jana. Alikuwa ananitazama, na hakuwa na hasira bado, alikuwa anauliza tu.

"Tangu zamani," nikasema. "Mzee alinifundisha. Nilikuona Kabuga siku ya mvua ukifunga kamera na maji. Niliona, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya sanduku."

Hakuelewa. Ilibidi nimwambie yote, begi la ndege, shangazi wa mtoto, bariyeri, koti lake jipya, shanta. Yakitamkwa kwa sauti yalikuwa mambo madogo kiasi kwamba niliona aibu zaidi kwa udogo wao kuliko kwa ubaya wao. Mwenzangu alikaa kwenye kigoda cha wateja, chini ya taa iliyozimwa. Akasema, "Kaka, ungeniomba hilo sanduku ningekupa tubebe kwa zamu." Akatoka, akaiacha lenzi mkononi mwangu.

Siku tatu hakuja kazini. Mke wangu aliniuliza kuna nini, nikamwambia. Hakunilaumu kwa maneno, ila jioni ile alinipakulia chakula akaenda kula na watoto chumba cha pili.

Nilitumia siku hizo tatu kuifungua lenzi. Ni kazi ya bisibisi ndogo kama sindano, na pete zinazotaka kufunguliwa kwa subira. Nilitoa kioo baada ya kioo, nikavisafisha kwa spiriti na pamba, nikavianika juani kwenye sinia chini ya chandarua. Kuvu ilitoka. Lakini kwenye kioo kimoja cha kati ilikuwa imekwisha kuula mng'ao wa juu, na alama zake zilibaki, nyepesi, hazifutiki. Siku ya nne mwenzangu aliporudi nilimkabidhi lenzi, nikamwonyesha alama, nikamwambia achukue yangu ya aina hiyohiyo badala yake. Alikataa. Aliniambia nimfundishe kile mzee hakumfundisha.

Tukakaa kwenye mbabula ya mke wangu, jiko lile la makaa, watu wazima wawili, tukakaanga mchele mkavu kwenye kikaango mpaka ukawa rangi ya karanga. Aliuliza uwekwe kwa muda gani, ubadilishwe lini, nikamjibu. Mke wangu alitushonea vifuko vya kitambaa cha marekani, akavitupa mapajani mwetu akapita.

Ningependa kusema wivu uliniisha hapo. Haukuniisha. Ile lenzi yenye alama, mwenzangu akiipigia picha za watu chumbani, ilizifanya nyuso ziwe laini, mikunjo ya macho ikapungua, mwanga ukawa kama unatoka ndani ya ngozi. Akina mama waliiona tofauti ndani ya mwezi mmoja. Wakaanza kuja kumwomba awapige kwa ile ya kulainisha. Wengine walitoka Kacyiru, wake za wakubwa, na mitandio ya hariri. Mimi nilikaa na lenzi yangu safi, kali, inayoonyesha kila chunusi, nikiwasikia wakimsifu, na niliumia vilevile kama mwanzo. Tofauti ni kwamba safari hii nilimwambia. Nilimwambia leo umenichoma tena. Alicheka sana, akaniazima lenzi.

Shanta langu nililiomba mwishoni mwa mwaka huo. Niliomba ipasavyo, nikaketi kwenye kiti cha wateja barazani, na vyombo vyangu nimevipanga juu ya mkeka. Mke wangu alichukua futi, akauliza maswali yale yale. Kwa wiki moja nilikuwa nimejichunguza kazini na sasa niliyajua majibu. Natoa filamu kwanza, kwa sababu mimi ni mwoga wa kuishiwa. Halafu kamera. Lenzi ndefu mwisho kabisa. Bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia, nalo alilijua bila kuambiwa. Alinishonea la rangi ya kahawa, pana kuliko la mwenzangu kwa sababu ya mabega ya kamera yangu, na alitia kifuniko cha plastiki kinachoonyesha ndani, ili kwenye bariyeri askari aone kila chombo bila kukitoa. Lilinipitisha bariyeri nyingi.

Mwenzangu aliondoka mwaka wa tisini na tatu, akaenda Bukavu alikooa. Aliondoka na shanta mgongoni na sanduku mkononi, na tulikumbatiana pale kwenye kituo cha magari bila kutajana makosa. Amezeekea huko, bado tunapigiana simu. Katika watu tuliowapiga picha miaka ile, wengi mno hawakuufikia mwisho wa mwaka uliofuata, ule wa mauaji, na hao sitawachanganya na habari za mabegi.

Kabla ya mauaji hayo kulikuwa na miezi michache ninayoikumbuka kwa baraza letu. Mwenzangu alikuwa amewaonyesha wapiga picha wa Bukavu shanta lake, na barua zikaanza kuja na vipimo vya kamera vilivyochorwa kwa kalamu, zikiletwa na madereva wa malori. Wapiga picha wa mjini nao wakaja. Mtu akiingia studioni kwangu aliniuliza kama mimi ndiye mume wa yule mama wa mashanta. Nilikuwa najibu ndiyo, na nilikuwa nahisi kijicho kile kile, sasa juu ya mke wangu mwenyewe, kwamba sifa za mtaani zimehama kutoka mlango wangu zikaenda mlango wa tatu.

Nilimwambia na yeye. Akaniambia maagizo yamemzidi, kama sina mteja nije nimkatie sponji. Akanionyesha jinsi ya kuikata kwa kisu cha mkate, kwa kuvuta bila kukandamiza, ili kingo zitoke wima. Mbili za kwanza nilizikata zikapinda. Alizigeuza, akazitazama, akazitia katika mto wa kukalia, akanipa nyingine.